Daftari la Nesi: Kitwitwi na safari ya majira ya baridi

  

Mwezi huu nimeweka pembeni chanjo, meno na homa za mafua, kwa sababu mwanangu ameniomba niandike juu ya ndege. Ana miaka kumi, na akishika jambo haliachii. Anataka niandike hasa juu ya ndege mmoja tuliyemwona Wadi Bani Khalid, na juu ya swali aliloniuliza pale pale tukimtazama. Swali hilo nitalifikia. Kwanza twendeni wadini.

Ijumaa moja ya Desemba

Kwa msiyoijua Oman, wadi ni bonde linalopitisha maji ya mvua. Wadi nyingi huwa kavu karibu mwaka mzima, mawe matupu. Wadi Bani Khalid ina maji siku zote. Iko katika milima ya Hajar ya Mashariki, upande wa Sharqiyah. Mimi nafanya kazi Ibra. Ukitoka Ibra unashika barabara ya Sur, unapita Bidiyah ambako mchanga wa jangwa unauona umesimama kama vilima, kisha unakunja kuingia milimani. Barabara inapanda na kuzunguka mpaka masikio yanaziba. Ukishuka upande wa pili unakuta mitende, vijiji, na mabwawa ya maji ya kijani katikati ya mawe meupe. Ukitumbukiza miguu, visamaki vidogo vinakuja kukudonoa vidole.

Sikwenda kutembea tu. Nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja aliyekuwa mgonjwa wangu, aliyevunjika nyonga. Bibi huyu kazaliwa Unguja. Wazee wake, kama wazee wa familia nyingi za Sharqiyah, walivuka bahari kwenda Afrika Mashariki kutafuta maisha. Yeye alikuja Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Wodini alikuwa akisema Kiarabu na madaktari, na Kiswahili akishikwa na maumivu. Siku aliporuhusiwa aliniambia, "Uje nyumbani, mwanangu. Na mtoto uje naye, anisemeshe."

Basi tukaenda. Mwanangu akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akamshika mkono, hakuuachia. "Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe unakijua!" Tukanywa kahawa chungu kwa tende na halwa, kisha mjukuu wake mkubwa akatupeleka majini.

Hapo ndipo mwanangu alipomwona. Juu ya jiwe, hatua chache kutoka kwetu, alikuwapo ndege mdogo mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe. Alikuwa akitembea ukingoni mwa maji, na kila hatua mkia na kiuno chake vilipanda na kushuka, vikapanda na kushuka, kama mtu anayecheza ngoma anayoisikia peke yake.

Nilimjua mara moja. Nimekulia Tanga. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kwenda kuokota makombe bahari ikipwa amemwona kitwitwi. "Huyu tunaye nyumbani," nikamwambia mwanangu. "Nenda Raskazone asubuhi utamkuta."

Akanitazama kama niliyesema uongo. "Basi huku amefikaje?"

Mtoto wa kaskazini

Kitwitwi huyu si mzaliwa wa Oman, wala si mzaliwa wa Tanga. Vitwitwi wa aina yake huzaliwa mbali kaskazini, kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia. Kila mwaka kabla ya baridi kuingia, wanaondoka. Wengine huishia Arabuni. Wengine hushuka Kenya, Tanzania na kwingine Afrika. Wengine huenda India, na wengine hufika hata Australia. Majira ya baridi yakiisha kule kwao, wanarudi kuzaa.

Kutoka Ibra mpaka Tanga kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 3,700. Kitwitwi ana uzito wa kama gramu 50. Nenda jikoni, omba yai moja la kuku, lishike kiganjani. Ndiye yeye huyo, na bawa juu yake.

Watu wengi husema ndege hukimbia baridi. Kuna ukweli, lakini si wote. Manyoya ya ndege ni koti zuri, na kuna ndege wadogo wanaokaa Ulaya na Kanada mwaka mzima katika theluji. Kinachowaondoa wengi ni njaa. Nilipokuwa nasomea digrii yangu Uingereza, nilitembea Januari nzima bila kuona mbu, nzi wala nyenje. Miti haikuwa na jani. Ardhi ilikuwa ngumu, madimbwi yameganda. Ndege anayekula wadudu na vijidudu vya matopeni, hapo atakula nini?

Sasa utauliza: kama Afrika kuna chakula, mbona wasikae huko huko? Jibu nililipata mwezi Juni mwaka ule ule. Saa tatu na nusu za usiku jua lilikuwa bado halijazama, na wadudu wamejaa kila kichaka. Mchana mrefu namna ile unawapa wazazi saa nyingi za kutafutia makinda chakula, na kuna nafasi ya kutosha ya kutaga. Kwa hiyo ndege anayehama hana nyumba moja aliyoikimbia na nyingine aliyokimbilia. Anazo mbili, na kila moja ina msimu wake.

Tena hangoji baridi imkute. Mwili wake unahesabu urefu wa mchana. Mchana ukianza kufupika, homoni zinabadilika, anaanza kula kwa pupa, na usiku hatulii. Hata ndege aliyefungiwa tunduni, majira ya kuhama yakifika, hurukaruka usiku akielekea upande ule ambao wenzake wanakwenda.

Nesi anampima ndege

Mimi kazi yangu ni kupima uzito, mapigo ya moyo na pumzi. Niacheni nimpime na huyu.

Kabla ya safari ndefu, ndege hujaza mafuta mwilini. Baadhi ya ndege wadogo hufikia karibu mara mbili ya uzito wao wa kawaida. Mgonjwa wangu akifanya hivyo kwa wiki chache nitamwita daktari. Kwa ndege ni akiba: mafuta hutoa nguvu nyingi kuliko chakula kingine cha uzito ule ule. Akifika anakokwenda amebaki mifupa na misuli.

Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Hewa imepoa, hivyo mwili haupotezi maji mengi. Vipanga na kozi wengi wamelala. Na nyota zinaonekana. Mchana hutua, wanakula, wanapumzika. Ndiyo maana bwawa kama la Wadi Bani Khalid, lililozungukwa na jangwa na majabali, ni muhimu sana. Kwa msafiri wa gramu 50 ni kama kituo cha basi chenye maji, kivuli na hoteli ya chakula.

Wapo ambao hawatui kabisa. Mwaka 2022 ndege mmoja wa pwani mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa kifaa kidogo cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka kisiwa cha Tasmania, Australia. Alikwenda kilomita 13,560 kwa siku kumi na moja, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Ndege wa aina yake kabla ya kuruka hupunguza hata ukubwa wa tumbo na utumbo, maana njiani havina kazi na ni mzigo. Na huyu aliyevunja rekodi alikuwa na umri wa miezi mitano tu. Mtoto!

Kaskazi na kusi

Tuliporudi kwa bibi, mwanangu akamsimulia habari ya kitwitwi. Bibi akacheka. "Hao wanapanda pepo kama mababu zenu," akasema.

Watoto wa Ulaya na Marekani huenda hamjawahi kusikia maneno haya, kwa hiyo yashikeni. Mwishoni mwa mwaka mpaka kama mwezi Machi, upepo wa bahari yetu hutoka Arabuni na India kuja Afrika Mashariki. Huo ni kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei unageuka, unatoka kusini kwenda kaskazini. Huo ni kusi. Kwa mamia ya miaka majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi, yamebeba tende na chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Ukienda Sur leo utaliona jahazi moja la zamani, Fatah al-Khair, lililojengwa pale pale mwaka 1951, limewekwa nchi kavu watu walitazame. Babu yake bibi aliingia Unguja kwa kaskazi.

Ndege nao wanaijua kalenda hiyo. Kuna kozi mmoja mdogo wa Amur, anayezaliwa Siberia na kaskazini ya China. Baada ya kupumzika India, huvuka Bahari ya Arabu kama kilomita 3,000 bila kutua mpaka Somalia, kisha hushuka kusini ya Afrika. Huvuka wakati upepo uko mgongoni kwake. Kereng'ende nao huvuka bahari hiyo hiyo majira yale yale, na wataalamu wanadhani kozi huwala njiani. Mwaka 2012 katika jimbo la Nagaland, India, watu waliwategea nyavu kozi hawa wakawaua kwa maelfu kwa maelfu. Picha zilipoenea, wazee wa vijiji, makanisa na serikali wakakaa pamoja, na mwaka 2013 hakuna nyavu zilizotegwa. Vijiji vilibadilika kwa mwaka mmoja. Nawaambia hili ili msidhani habari za wanyama ni huzuni tupu.

Oman yenyewe ina wazaliwa wake wanaohama. Kozi wa rangi ya masizi huzaa kwenye visiwa vya Daymaniyat na kisiwa cha Fahal, karibu na Muscat, wakati wa joto kali ambapo ndege wengine wameshamaliza kulea. Anafanya hivyo kwa hesabu: makinda yake yanapokuwa na njaa zaidi, ndege wadogo wahamiaji wanapita hapo. Kisha familia nzima inakwenda Madagascar. Na kule Barr al Hikman, ng'ambo ya kisiwa cha Masirah, zaidi ya nusu milioni ya ndege wa majini hukaa majira ya baridi kwenye matope ya pwani. Miongoni mwao yumo mla kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mzito. Wenzake wa aina hiyo hiyo utawakuta Mida Creek kule Watamu, Kenya.

Binadamu walijuaje?

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Wengine waliamini mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa mpaka baridi iishe. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mweupe ambaye shingoni mwake umekwama mkuki mrefu. Mkuki ulikuwa wa Afrika. Korongo alichomwa huku kwetu, akaruka nao mpaka kwao! Hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa shingoni.

Baadaye watu wakaanza kuwavisha ndege pete ndogo miguuni, zenye namba na anwani. Mbayuwayu mmoja alivishwa pete Uingereza mwezi Mei 1911. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kwetu kuna mahali maarufu kwa kazi hii: Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya. Tangu 1969, mwezi wa Novemba na Desemba usiku wa ukungu, ndege wahamiaji hushuka kwa wingi kwenye taa za hoteli iliyo mlimani, na wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, wanawapima, wanawavisha pete, wanawaachia.

Siku hizi kuna setilaiti. Wakati wa korona mwaka 2020, viwanja vya ndege vimefungwa na mimi siwezi hata kwenda Tanga, ndege mmoja aina ya kekeo aitwaye Onon alitoka Zambia akaenda mpaka Mongolia, kama kilomita 12,000. Wodini tulikuwa na simu ya nesi mwenzangu tunamfuatilia. Kila akivuka mpaka wa nchi, tunapiga makofi. Hana viza, hana kipimo cha pua, anapita tu.

Njia wanaijuaje?

Hapa ndipo mwanangu alipoanza kunibana, na mimi nikawa namjibu huku nimekaa juu ya jiwe.

Ndege wana dira zaidi ya moja. Mchana hutazama jua. Usiku hutazama nyota, hasa namna anga lote linavyozunguka sehemu moja isiyosogea upande wa kaskazini. Tena wanahisi usumaku wa dunia, kitu ambacho sisi hatukihisi kabisa. Na wakishazoea njia, hutumia macho kama dereva wa daladala: mlima ule, mto ule, ufukwe ule.

Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huu hajawahi kuiona njia. Je? Kuna wanaofundishwa. Korongo wadogo husafiri pamoja na wakubwa, wanafuata. Kuna wengine wanaozaliwa na mwelekeo umeshaandikwa mwilini. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Perdeck, aliwakamata kwezi zaidi ya 11,000 waliokuwa wakihama, akawapeleka Uswisi kwa ndege ya abiria wa chuma, akawaachia huko. Matokeo aliyatoa mwaka 1958. Kwezi wakubwa walijua wamehamishwa. Wakageuza njia wakaelekea mahali pao pa zamani, Ufaransa ya kaskazini na Uingereza. Wadogo hawakujua. Walishika mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, wakaishia kusini ya Ufaransa na Hispania. Miaka iliyofuata wengine wao walirudi kuzaa kwao, na majira ya baridi wakaenda tena kule kule Hispania. Mahali walipofikia kwa bahati mbaya pakawa pao.

"Na kitwitwi?" mwanangu akauliza. "Anafundishwa na mama yake?"

Nikamweleza kweli. Kwa vitwitwi, mama na baba huatamia wote. Makinda yakishatoka, mara nyingi mama huondoka kwanza kuelekea kusini. Baba hubaki na makinda kwa muda, kisha naye huenda. Watoto huondoka mwisho, wenyewe.

Akanyamaza. Kisha: "Na mtoto akifika anamkuta mama yake?"

Mngejibu nini? Nilitaka kusema ndiyo. Lakini kwenye safu hii sijawahi kuwadanganya hata kuhusu sindano. Nikamwambia, "Hakuna ajuaye kuwa wanatafutana. Kila mmoja anakwenda njia yake."

Ndege akaruka, akapita chini juu ya maji, mbawa zikitetemeka, akatua ng'ambo.

"Mimi nilikukuta," mwanangu akasema. Na bila kunitazama akaongeza, "Ukienda Uingereza utatangulia tena?"

Barua ya kwenye droo

Wasomaji wangu wa muda mrefu mnajua nilimwacha mtoto huyu Tanga akiwa na miaka mitatu. Nilikuwa na diploma, nikapata nafasi ya digrii nje, kisha kazi Oman. Alibaki na baba yake na bibi yake. Alinifuata akiwa na miaka saba, na kiwanja cha ndege Muscat alinisalimia "Shikamoo, anti."

Sasa mkataba wangu unakaribia kwisha. Manesi wa Kiomani wanahitimu kila mwaka na nafasi ni zao, ndivyo inavyopasa. Nimepata barua ya kazi Uingereza. Inasema nianze Februari. Mtoto angerudi Tanga kwa baba yake, amfuate mama baadaye nikishapata nyumba. Barua nilikuwa sijamwonyesha mtu. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya risiti za umeme. Kumbe ameisoma.

Sikumjibu pale wadini. Tulirudi kwa bibi kuaga. Mtoto alipokuwa nje anavaa viatu, nikamweleza bibi kidogo. Alinyamaza, akapanga vikombe vya kahawa kimoja ndani ya kingine. Kisha akasema, "Mama'angu alibaki Unguja. Alisema mwaka wa pili atafuata." Akafunika sinia. "Sikumwona tena." Halafu akamwita mwanangu arudi ndani, akamfungia halwa kwenye karatasi.

Njiani, mchanga wa Bidiyah ulikuwa mwekundu kwa jua la magharibi, mtoto kalala. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mlitangulia au mlitanguliwa. Wengine ni watoto ambao mpaka leo mnangoja. Sikusema ni kosa. Mara nyingi hakuna njia nyingine, na mama aliyetangulia ndiye aliyelipa ada na dawa. Mimi mwenyewe ningefanya tena yale ya mwanzo. Ila kitwitwi hana simu, wala hana wa kumuuliza. Sisi tunao uwezo wa kuulizana kabla ya kuondoka, na mimi sikumuuliza.

Usiku ule tulimpigia baba yake, tukakaa watatu, mmoja kwenye kioo cha simu. Nimewaandikia wale wa Uingereza kuwa nitaanza Julai, shule zikifungwa, na kuwa tutaondoka wawili. Hawajajibu bado. Wakikataa, tutatafuta lingine. Nimemwambia mwanangu hivyo hivyo nilivyowaandikia nyinyi: sijui watasemaje. Akasema, "Sawa. Lakini barua ikija tusome pamoja."

Kazi yenu ya mwezi huu

Chukueni daftari na penseli. Kila Jumamosi, kwa dakika kumi, tazameni ndege mahali pamoja: dirishani, bustanini, kwenye kituo cha basi. Andikeni idadi, rangi, wanachokula, na wanavyotembea. Aliye Toronto au Oslo aulize: nani amebaki, na nani ameondoka? Aliye Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam aulize: nani ni mgeni ambaye Julai hakuwapo? Kisha mpigieni mtu mmoja wa nyumbani, mumuulize anaona ndege gani. Linganisheni.

Kwa wazazi mtakaokwenda wadini: tazameni mawingu ya milimani, si ya juu yenu tu. Mvua ikinyesha juu, maji hushuka ghafla hata kama kwenu jua linawaka. Tokeni mara moja, mwende mahali palipoinuka. Na takataka zenu rudini nazo.

Mwanangu ameshaanza daftari lake. Alimwomba bibi yake wa Tanga amsaidie kuhesabu. Bibi hajui kuandika ujumbe, kwa hiyo ametuma sauti: amekwenda Raskazone bahari ikipwa, na mguu wake unamuuma, lakini amewaona vitwitwi wanane, na mmoja alikuwa anatikisa kiuno kuliko wenzake.

Tuonane mwezi ujao, inshallah. Nitarudi kwenye meno.